Sarah Glover au Manuel García: kwaya yako ianze na nani?

Kwaresima ikifika katikati, simu yangu huanza kuita. Ni wenyeviti wa kwaya, na swali lao hufanana: "Mwalimu, kamati imetupa fedha za kumlipa mtu mmoja tu wa kutunoa. Tumlete mwalimu wa sauti au mwalimu wa sol-fa?"

Wengi huuliza kana kwamba wanachagua kati ya fundi wawili wa kazi ile ile. Kazi zenyewe ni tofauti: wa sauti hufundisha koo, wa sol-fa hufundisha kusoma na kuimba wimbo kwa majina ya sauti, do, re, mi. Mwalimu wa sauti ana babu yake, na mwalimu wa sol-fa ana bibi yake, na wazee hao wawili waliishi karne moja huku kila mmoja akihangaika na swali lake. Babu ni Manuel García, mwana wa waimbaji wa Kihispania aliyefundisha Paris kisha London. Bibi ni Sarah Glover wa Norwich, mji wa mashariki mwa Uingereza. García aliuliza: koo la mtu mmoja linatoaje sauti, na likichoka linaponaje? Glover aliuliza: mtoto asiye na kinanda wala ada ya mwalimu ataimbaje kwa usahihi kitu ambacho hajawahi kukisikia?

Kwaya yako ina moja ya maswali hayo zaidi kuliko jingine. Ndilo la kutafuta kabla hamjatoa hata shilingi.

Bibi wa sol-fa

Sarah Glover alizaliwa mwaka 1786. Baba yake alikuwa kasisi wa kanisa la Mtakatifu Lawrence pale Norwich, na binti akabeba mzigo wa uimbaji kanisani na wa kuwafundisha watoto wa shule. Alichokiona ni kile ambacho mwalimu yeyote wa kwaya huku kwetu amekiona: ukimwekea mtu asiyejua nota mistari mitano, vichwa vyeusi na vyeupe, na alama za kupandisha na kushusha, anaogopa kabla hajafungua mdomo.

Akaiweka mistari kando, akashika majina ya sauti. Do, re, mi si uvumbuzi wake. Yanatoka kwa mtawa Guido wa Arezzo wa karne ya 11. Glover alifanya mambo mawili. La kwanza ni dogo: sauti ya saba iliitwa si, na kwa kuwa so nayo inaanza na s, akaibadilisha iwe te, ili kila sauti iandikwe kwa herufi yake moja bila kugongana na nyingine. Ndiyo ti yetu ya leo. La pili ni kubwa, na ndilo moyo wa somo lote: do yake inahama. Alichora ngazi ya sauti ukutani, mwalimu akawa anagusa kwa fimbo na watoto wanaimba kile kilichoguswa. Ngazi ni ile ile, uiegemeze kwenye ukuta mfupi au kwenye ghorofa. Hatua ya kutoka mi kwenda fa ni fupi popote pale, na ya kutoka do kwenda re ni ndefu popote pale. Mtoto akishaijua ngazi, ukimpa do ya juu au ya chini anapanda bila wasiwasi.

Mwaka 1835 alichapisha kitabu cha njia yake ili waumini wote waimbe zaburi, wasiachie kikundi cha mbele peke yao. Nia hiyo naipenda sana. Hakuwa anatafuta nyota mmoja. Alitaka kanisa zima liimbe.

Miaka sita baadaye, mwaka 1841, walimu wa shule za Jumapili walikutana katika mji wa Hull, wakamwomba mchungaji kijana, John Curwen, mwenye umri wa miaka 24, awatafutie njia nyepesi kuliko zote ya kufundisha watu kuimba. Curwen mwenyewe alikuwa hawezi kusoma nota. Kitabu cha Glover kilipomfikia akajifunza kwacho, kisha akakigeuza: herufi kubwa zikawa ndogo, mapigo yakapata alama zake za nukta pacha, nukta, mkato na kistari, na baadaye, karibu mwaka 1870, zikaja ishara za mikono, ngumi kwa do, kidole kinachoelekea juu kwa ti. Aliyafanya mabadiliko ya mwanzo bila kumwomba Glover ruhusa, na mama huyo hakufurahi. Curwen alikiri siku zote kwamba mzizi ulikuwa wa Glover, lakini jina lililosafiri ni la Curwen. Hata leo ukimuuliza mwalimu wa kwaya aliyebobea katika sol-fa nani aliyeianzisha, mara nyingi atakutajia mwanamume.

Sol-fa ilisafiri hasa pamoja na wamisionari, hadi Madagaska, Afrika Kusini na huku kwetu. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg, alitumia sol-fa alipoutunga mwaka 1897 wimbo ambao muziki wake ndio tunaousimamia Tanzania tukiimba "Mungu ibariki Afrika". Kwa hiyo mtu akikuambia sol-fa ni muziki wa watoto, mkumbushe wimbo wa taifa.

Babu wa sauti

Manuel García alizaliwa mwaka 1805 katika nyumba ambamo kuimba ndiko kulikoleta chakula mezani. Baba yake, aliyeitwa kwa jina lilo hilo, alikuwa teno mashuhuri ambaye Rossini, mtunzi wa Kiitaliano, alimtungia nafasi katika opera. Dada zake, Maria Malibran na Pauline Viardot, walikuwa waimbaji wakubwa wa zama zao. Mwaka 1825 familia ilivuka bahari hadi New York kuonyesha opera za Kiitaliano, na kijana Manuel, mwenye miaka 20, akapandishwa jukwaani kabla sauti yake haijakomaa. Ikaharibika. Kabla ya kufikisha miaka 25 alikuwa ameachana na jukwaa.

Hapo ndipo hadithi yake inaponigusa. Aliyeharibikiwa ndiye aliyekwenda kutafuta sababu. Alifanya kazi katika hospitali za jeshi la Ufaransa, akasoma maumbile ya koo, na mwaka 1840 akapeleka mbele ya Chuo cha Sayansi cha Paris maelezo yake kuhusu sauti ya binadamu. Alieleza kwamba sauti ya kifuani, ya kati na ya kichwani ni namna mbalimbali za nyuzi za sauti kufanya kazi. Kila namna ina mpaka wake, na anayelazimisha sauti ya kifuani ivuke mpaka kwenda juu anajichimbia shimo.

Mwaka uliofuata, 1841, alifikiwa na msichana wa Kiswidi wa miaka 20, Jenny Lind, ambaye alikuwa ameimba mno huko kwao hadi sauti ikafifia. García alimsikiliza, akamwambia hana sauti iliyobaki ya kufundishwa. Akamtuma akakae kimya wiki sita, asiimbe kabisa na aongee kwa uchache kadiri awezavyo. Aliporudi wakaanza upya, taratibu, kwa masomo ya kila wiki. Baadaye Ulaya na Marekani zilimmiminia sifa mwanamke huyo.

Mwaka 1848 García alihamia London, akafundisha katika Royal Academy of Music hadi mwaka 1895. Kilichomfanya ajulikane hata kwa madaktari kilitokea mwaka 1854, akiwa mapumzikoni Paris. Akitembea katika bustani za Palais Royal aliona jua likimetameta kwenye vioo vya madirisha, wazo likamjia. Akaenda duka la Charrière, mtengenezaji wa vifaa vya upasuaji, akauliza kama wana kioo kidogo chenye mpini mrefu. Walikuwa nacho kimoja cha daktari wa meno kilichokosa mnunuzi. Akalipa faranga 6. Nyumbani alikipasha kwa maji ya moto kisipate ukungu, akakifuta, akakiweka nyuma ya mdomo kwenye kilimi, na kwa kioo kingine mkononi akarusha mwali wa jua ndani ya koo lake. Akaziona nyuzi zake za sauti zikifunguka na kufunga. Mwaka 1855 taarifa yake ilisomwa Royal Society, London. Daktari wa masikio, pua na koo anayekuchungulia leo ni mjukuu wa kioo kile cha faranga 6.

García alifikisha miaka 100 akiwa hai na akili timamu, London ikamfanyia sherehe, na akafariki mwaka 1906.

Ni ugonjwa gani mnaumwa?

Sasa tuwaweke bega kwa bega, tuanze na kipimo. Mazoezi yajayo, zima kinanda. Wape wanakwaya do moja kwa mdomo, waimbe do, mi, so, mi, do. Kisha waambie: "Nipeni la." Usiwasaidie. Wakipata wote mara moja, masikio yao ni mazima. Wakianza kutazamana, na besi wakamsubiri yule mmoja ambaye humsubiri kila siku, tatizo lenu ni la Glover. Hakuna zoezi la kupumua litakalolitibu.

Kipimo cha pili ni cha Jumatatu. Waulize wangapi waliamka sauti imekauka baada ya ibada mbili za Jumapili. Wakiwa mmoja au wawili, huenda ni mafua. Ikiwa nusu ya sauti ya kwanza wananong'ona hadi Jumatano, hilo ni la García, na sol-fa haitawaponya. Itawasaidia tu kujua kwa uhakika majina ya sauti wanazoumizia koo. Na mtu ambaye sauti imekauka zaidi ya wiki tatu asipelekwe kwa mwalimu yeyote. Apelekwe hospitali kwanza.

Huku kwetu vipimo hivi viwili vina sababu zake, na inafaa kuzitazama. Ugonjwa wa masikio unatokana na kujifunza kwa kukariri. Mwalimu anarekodi sauti nne kwenye simu, anazituma kwenye kundi, kila mtu anasikiliza yake akiwa kwenye daladala. Wimbo unashika, sikatai. Nimewahi kuongoza kwaya iliyojifunza wimbo wa kurasa nne kwa wiki sita namna hiyo, na Jumapili ilipofika mpiga kinanda akaanza kwa ufunguo, yaani kimo cha do, tofauti na ule wa kwenye rekodi. Alto walipotea ubeti wa kwanza wote. Walikuwa wanaijua rekodi tu. Wimbo wenyewe hawakuwa nao. Tungekuwa na ngazi ya Glover kichwani, tungehama na do tukaendelea.

Ugonjwa wa koo nao unaletwa na spika. Kinanda kinaongezwa, gitaa la besi linaongezwa, na sauti ya kwanza wanasukuma sauti ya kifuani hadi kule juu ambako García alisema isifike. Wanaosifiwa ni wale wanaopiga kelele zaidi. Miaka mitano wanahamishiwa alto, na watu wanasema "amekua". Mara nyingi amechakaa.

Fedha na muda

Sol-fa ni ya bei nafuu kupita maelezo. Ubao, chaki, fimbo, na mtu mmoja anayeijua kweli. Watu 40 wanafundishwa pamoja kama mmoja, kwa sababu ndivyo ilivyobuniwa. Kwa mazoezi mawili kwa wiki, nusu saa ya sol-fa kila mara, nimeona kwaya za watu ambao hawakuwahi kugusa muziki zikisoma wimbo rahisi wa sauti nne baada ya miezi minne hivi. Curwen alipanga vizuri ngazi za kufundishia: anza na do, mi, so peke yake mpaka zikae, kisha ongeza re na ti, mwisho fa na la. Walimu wengi wanakosea hapa. Wanamimina zote saba siku ya kwanza, na watu wanaishia kuimba ngazi juu na chini kama wimbo wa kukariri.

Njia ya García ni ya mtu mmoja mbele ya mwalimu mmoja. Aliamini katika vipindi vifupi vifupi na mapumziko katikati, hasa kwa anayeanza. Hilo maana yake ni ada kwa kila kichwa, wiki baada ya wiki, na mwalimu mwenye sikio la kujua sauti ya kila mmoja inakataa wapi. Kwaya nzima haiwezi kulipa hivyo. Inachoweza ni kumleta mwalimu wa sauti kwa siku mbili tatu awafundishe viongozi wa sauti nne namna ya kupasha koo na kujua mpaka wao, kisha wao wawasimamie wenzao.

Mnaweza kuharibikiwa wapi

Kila njia ina shimo lake, na mwenye kuuza huduma hatakuonyesha.

La sol-fa ni kuridhika. Kwaya inasoma herufi barabara, kila mtu yuko mahali pake, na sauti ni bapa kama bati. Tena wimbo unaohamahama funguo kila mstari unachosha kwa herufi, na wapigaji wa ala hutumia mistari mitano. Kijana anayetaka kwenda kusomea muziki chuoni asiishie kwenye sol-fa. Aitumie kama daraja la kwendea kwenye nota. Kwa bahati nzuri, daraja hilo ni imara: aliyezoea do inayohama huona umbali kati ya nota mara moja.

Kuna mtego mwingine kwa kwaya zenye watu waliosomea muziki kwa Kifaransa, kama wengi wa ndugu zetu wa Kongo na Burundi. Katika mapokeo hayo do ni jina la sauti moja tu isiyohama, ile ambayo sisi kwa herufi huiita C. Wakati Curwen anaanza, London yenyewe ilikuwa inafundishwa njia hiyo ya Kifaransa na John Hullah, na wanafunzi walienda vizuri mpaka ufunguo ulipobadilika. Mkikaa ubao mmoja, ninyi mnasema "do ni G" na mwenzenu anasikia upuuzi. Kubalianeni siku ya kwanza.

Shimo la García lina kina zaidi kwa sababu linaumiza mwili. Alifundisha kuanza sauti kwa nyuzi kukutana kwa usafi, bila pumzi kuvuja kwanza. Waliomsoma kwa haraka wakageuza hilo kuwa kugonga koo kwa nguvu, na sifa yake ikachafuka kwa kosa la wengine. Leo intaneti imejaa vijana wanaofundisha "mazoezi ya García" kwa video ya dakika moja. Zoezi la koo bila mtu wa kukusikiliza ni dawa bila daktari. Sol-fa unaweza kuianza mwenyewe kwa kitabu na subira, lakini mazoezi ya sauti usiyajaribu peke yako.

Ningechagua hivi

Kwaya changa, ya kijiji au ya mtaa, yenye watu wa kila umri: Glover, bila kusita. Hata kama mna fedha za wote wawili, anzeni naye. Mtu anayejua sauti anayoiendea huifikia bila kukaza shingo, kwa hiyo sehemu ya maumivu ya koo hupungua yenyewe. Hili nimelishuhudia mara nyingi, hasa kwa teno.

Mwimbaji wa peke yake ambaye sauti imeanza kukwaruza, au kwaya inayorekodi na kuimba kila wiki kwa miaka mingi: García, na muanze kwa lile agizo lililompa Jenny Lind maisha mapya, yaani kunyamaza. Hili ndilo gumu kuliko yote kuwaambia watu wetu, maana mwenye sauti nzuri hualikwa kila harusi na kila msiba.

Watoto wa shule za Jumapili wana njia ya tatu inayotoka kwa Glover. Zoltán Kodály wa Hungaria alichukua do inayohama na ishara za mikono, akazifunga kwenye nyimbo za asili za watu wake. Shule ya kwanza ya msingi ya uimbaji kwa njia hiyo ilifunguliwa Kecskemét mwaka 1950, na mwaka 2016 UNESCO iliitambua kama mfano wa kuhifadhi urithi. Kwa watoto wetu maana yake ni kuanza na nyimbo za michezo na za ngoma wanazozijua tayari, kisha kuwaonyesha do iko wapi ndani yake.

Kwaya yangu ya sasa hukutana Jumanne na Alhamisi. Dakika 10 za kwanza ni za García: kupumua, kuguna kwa upole, kushuka kutoka juu badala ya kusukuma kutoka chini. Dakika 30 zinazofuata ni za Glover ubaoni, kinanda kikiwa kimefungwa. Kinachobaki ni nyimbo.

Na mkishamwita mwalimu, yeyote kati ya hao wawili, msimuulize vyeti kwanza. Wa sauti, mwambie: "Kuna mama hapa, sauti imekauka tangu juzi, atafanya nini leo?" Akimwamrisha aimbe, mlipeni nauli arudi. Wa sol-fa, mwambie aifundishe kwaya mstari mmoja mpya bila kinanda. Akikimbilia kinanda, huyo bado. Akisimama, akafumba macho kidogo, akaimba do yake mwenyewe na kusubiri watu waishike, mwekeeni kiti.